Wiki nne za kumgeuza mhasibu kuwa saundi injinia: shajara ya mradi

Siku ya 0

Mradi wenyewe ni huu: tunamchukua mtu mmoja, tunampa kazi ambayo hajawahi kuigusa maishani, anajifunza wiki nne, afu tunamchomeka katikati ya wenye kazi yao mbele ya wataalamu tuone kama watamshtukia. Wazo si langu na sitajifanya ni langu. Waingereza walianza kulionyesha Channel 4 mwaka 2000, kipindi kikiitwa Faking It, kilitengenezwa na RDF Media na mwenye wazo ni Stephen Lambert, na waliwageuza watu kweli kweli, msomi wa Oxford akawa baunsa wa klabu, mpiga cello akawa DJ, mwimba panki akasimamishwa mbele ya okestra na kijiti mkononi, muuza baga wa kwenye gari akawa mpishi mkuu, fundi wa kupaka nyumba rangi akawa msanii wa zile sanaa ambazo ukiziona unajiuliza hii ndo sanaa yenyewe au kuna mtu kasahau vitu vyake hapa. Wiki nne tu. Mtu anahama kwake anaenda kukaa na walimu wake, na siku ya mwisho wanaletwa majaji.

Mi kazi yangu kuhariri video. Miaka yote nakata vipindi vya watu wengine, nimechoka kukata, nataka na mimi nipike. Tuko watatu, mimi, kijana wa kamera, na dada wa ratiba ambaye bila yeye mpaka leo tungekuwa tunabishana jina la folda.

Swali langu ni moja: mtu anayeigiza kazi anashtukiwa wapi hasa? Naandika jibu langu la leo ili baadaye nisije nikajidai nilijua. Nadhani anashtukiwa pale anapoharibu kazi. Akibonyeza kitufe siko, amekwisha.

Siku ya 2

Kuchagua kazi, tumebishana jioni nzima. Kijana wa kamera alitaka daktari, nikamwambia hilo kaka lilishafanyika tena bila kamera. Kuna Mmarekani aliitwa Ferdinand Demara, mwaka 1951 wakati wa vita vya Korea alipanda meli ya jeshi la majini la Kanada, HMCS Cayuga, kwa jina la daktari mwingine wa kweli, na akafanya upasuaji kwa majeruhi, kisu mkononi na kitabu cha udaktari pembeni. Na kilichomwangusha hakikuwa kisu! Ni sifa. Habari za daktari shujaa zikaandikwa magazetini, zikamfikia mama mzazi wa yule daktari mwenye jina lake, na mwanawe wakati huo yuko zake Kanada anatibu watu.

Kwa hiyo sheria yetu ya kwanza, kosa lisikike na kila mtu ila lisimuumize mtu. Rubani nje, daktari nje, fundi umeme nje. Tukabaki na saundi injinia, yule mtu wa kwenye mixa nyuma ya ukumbi ambaye hakuna anayemjua mpaka spika zipige mluzi, hapo ndo ukumbi mzima unageuza shingo.

Mtu wetu ni dada mmoja mhasibu, nitamwita Mhasibu hivyo hivyo humu. Muziki anasikiliza kwenye simu, hedifoni zake sikio moja limekufa tangu mwaka juzi na hajaona sababu ya kununua zingine. Nilivyosikia hilo nikasema huyu huyu.

Siku ya 4

Mwalimu tumempata, ni mzee aliyekaa kwenye mixa miaka mingi mpaka ukimwongelesha anainamisha kichwa kidogo kama anatafuta sauti yako iko tundu gani. Sote tunamwita Mzee. Masharti yake mawili: hataki kuambiwa arudie sentensi kwa ajili ya kamera, na ikitokea vifaa viko hatarini atasimamisha kila kitu.

Somo la kwanza nilitegemea mixa. Mixa haikuguswa. Asubuhi nzima ni kuwasha na kuzima, yaani kuwasha unaanza na mixa, amplifaya mwisho, kuzima unaanza na amplifaya, mixa mwisho, kwa sababu ukikosea mpangilio ule mshtuko wa umeme unapita wote kwenye spika na unasikia BAA, na baa moja ya namna hiyo inaweza ikawa ndo ya mwisho kwa spika. Mhasibu akaandika kwenye daftari lake safu mbili, kuwasha na kuzima, akachora mshale. Mzee akamwambia, mwanangu usiandike, rudia. Akarudia mara kumi na kitu.

Baada ya hapo waya. Hapa ndo nilipoamka. Mzee alimpa waya wa maiki wa mita kama kumi akamwambia ukunje, na Mhasibu akafanya ambacho mimi ningefanya na wewe pengine ungefanya, akauzungushia kwenye kiganja na kiwiko kama kamba ya kuanikia nguo. Mzee hakusema kitu. Alifumba macho tu kama mtu aliyekanyagwa. Afu akatueleza kwamba waya ukiuzungusha upande mmoja tu unajisokota ndani, nyuzi zinachoka, na siku ukiurusha jukwaani unafunguka na mafundo, kwa hiyo mduara wa kwanza unapita juu na wa pili unaugeuza unapita chini, juu, chini, hivyo hivyo mpaka mwisho, na waya uliokunjwa hivyo ukiushika ncha moja ukautupa unanyooka wenyewe. Kisha akasema kitu ambacho nimekiandika kwenye karatasi nikakibandika juu ya skrini yangu: mi mtu akiingia ukumbini simsubiri ashike mixa, namwangalia anavyokunja waya.

Jibu langu la siku ya 0 limeanza kuchechemea na ni siku ya 4 tu.

Siku ya 5

Aibu. Picha zote za jana ziko sawa, sauti zote za jana ni takataka. Feni. Feni ya chumba ilikuwa juu ya maiki yetu siku nzima na hakuna kati yetu watatu aliyeisikia, tunatengeneza kipindi kuhusu sauti, tumekaa na mtu wa sauti, na sauti yetu wenyewe inavuma kama helikopta. Nimejaribu kuisafisha, maneno ya Mzee yanasikika sasa kama anaongelea ndani ya ndoo. Ile ya waya na kuangalia watu, hiyo ilibaki nzima kwa bahati maana alikuwa amesogea mlangoni.

Sijamwambia Mzee.

Siku ya 9

Wiki ya pili, mixa hatimaye. Nitajaribu kueleza alivyofundishwa kwa sababu ni kuzuri. Mzee hakumwambia hiki ni nini, alimwambia sauti ni maji. Gein, yaani nguvu ya sauti inavyoingia kwenye mixa, ni bomba linalotoka barabarani, feda, kile kitufe cha kusukuma juu na chini, ni koki ya bafuni, na kama bomba la barabarani limefunguliwa kidogo, koki ya bafuni uizungushe mpaka mkono uchoke hupati kitu zaidi ya mvumo, na kama limefunguliwa mno maji yanapasua kila kitu hata ufunge koki vipi. Mhasibu akasema aah, kama bajeti, ukikosea mapato mwanzoni hata urekebishe matumizi vipi hesabu hazikai. Mzee akamwangalia muda kidogo akasema sawa, kama hivyo.

Kisha mluzi, ile fidibeki. Sauti inatoka kwenye spika, inaingia kwenye maiki, mixa inaikuza, inatoka tena kwenye spika ikiwa kubwa zaidi, inaingia tena, na kwa kuwa kila ukumbi una sauti fulani unazozipenda, moja kati ya hizo inawahi kuliko wenzake na ndo hiyo mnayoisikia inapiga kelele. Mzee alimfanya auite mluzi kwa makusudi, apandishe feda taratibu mpaka uanze kunong'ona, aukamate kwa sikio, ataje ni wa juu au wa chini, aushushe kwenye ikwalaiza, pale panapopunguzwa sauti za juu au za chini peke yake. Mara ya kwanza alikurupuka akazima mixa nzima. Ya pili akashusha feda isiyohusika. Ya sita au ya saba hivi akaukamata, na uso wake pale, jamani, kamera ilikuwa upande mwingine. Kijana wa kamera alikuwa anapiga picha taa za mixa kwa sababu zinapendeza.

Amefundishwa pia kwa nini waimbaji wanaoshika maiki kwa kufumbata kile kichwa cha wavu wanaleta balaa, maiki nyingi za jukwaani zimetengenezwa zisikie mbele na zisisikie nyuma, ukifumbata wavu unaziba njia za hewa zinazofanya kazi hiyo, maiki inaanza kusikia kila upande ikiwemo ile monita, spika ya mwimbaji kujisikia, iliyo miguuni. Waimbaji wanaona wanapendeza. Hilo halina dawa, kasema Mzee.

Tatizo: Mhasibu ameanzisha jedwali kwenye kompyuta. Kila tundu la mixa lina mstari wake, gein ngapi, feda wapi. Mzee hajafurahi. Ukumbi ukijaa watu sauti inabadilika, miili inameza sauti, namba zako za mchana jioni hazina kazi. Yeye anasema ataongeza safu ya jioni.

Siku ya 10

Mapumziko. Nimelala.

Siku ya 12

Leo ni suala la kamera. Ukitaka watu wasishtuke kwamba kuna mtu anaigiza, unawaambiaje kuhusu kamera zinazomfuata? Huwezi kuzificha. Undercover Boss, ambacho nacho ni cha huyo huyo Lambert akiwa na kampuni yake nyingine, kilianza Channel 4 mwaka 2009 na mwaka 2010 CBS ya Marekani ikakirusha mara ya kwanza usiku wa Super Bowl, fainali yao ya futiboli ya Kimarekani, baada tu ya mechi, wao dawa yao ni uongo mdogo unaofunika ule mkubwa: wafanyakazi wanaambiwa hiki ni kipindi kuhusu mtu anayejaribu kazi mpya. Kamera zinaonekana, sababu ya kamera ndo imefichwa. Na mle mambo yako kichwa chini miguu juu, mkubwa ndo anajifanya mdogo, na wengi wao kazi za chini zinawashinda vibaya, bosi anashindwa kwenda na mwendo wa mkanda wa kiwandani na msimamizi anamwambia usoni hufai hapa. Hicho kipande mi naweza kukiangalia mara mia.

Sisi tutasema tunatengeneza makala kuhusu mafundi sauti wa maonyesho madogo. Ambayo si uongo kabisa.

Dada wa ratiba akauliza swali ambalo mimi nilikuwa nalikimbia: na wanamuziki je? Jaji akidanganywa anacheka baadaye. Mwimbaji aliyefanya mazoezi miezi mitatu, sauti yake ikaharibiwa na mhasibu kwa ajili ya kipindi chako, atacheka? Sikuwa na jibu. Tumeamua hivi, bendi zote tatu zitaambiwa kwamba kati ya mafundi watatu mmoja ni mwanafunzi, hawataambiwa yupi, na Mzee atakuwa mita mbili nyuma ya mixa muda wote. Bendi ikikataa tunatafuta nyingine. Moja imeshakataa, na haki yao.

Siku ya 15

Mazoezi ya kwanza nje, shoo ndogo, Mhasibu kama msaidizi wa Mzee. Kazi hajaharibu hata moja. Na ameshtukiwa ndani ya dakika ishirini.

Fundi mmoja wa taa ndo aliyemshtukia, akamuuliza Mzee pembeni huyu umemtoa wapi, anaongea kama kitabu. Nikaenda kusikiliza rekodi. Kumbe kweli. Kila neno liko sahihi, ila mafundi hawaongei hivyo, fundi anasema nipe voko, yeye anasema naomba uniongezee kiwango cha maiki ya mwimbaji. Anasema tafadhali. Anamaliza sentensi! Pale nyuma ya mixa hakuna anayemaliza sentensi, nusu ya mazungumzo ni vidole, dole gumba juu, dole gumba chini, mkono kwenye koo maana yake ua sauti, zima.

Nikakumbuka ile tamthilia ya George Bernard Shaw, Pygmalion, iliyoonyeshwa kwanza 1913, ambayo hivi vipindi vyote ni wajukuu zake. Kuna profesa wa matamshi anamfundisha binti muuza maua aongee kama mtu wa tabaka la juu, na mara ya kwanza anapompeleka sebuleni kwa watu, matamshi yamenyooka kama rula, kila herufi iko mahali pake, shida ni anachokisimulia, anaeleza kwa lafudhi hiyo hiyo ya kifahari jinsi anavyoamini shangazi yake aliuawa na watu wa nyumbani kwake. Sisi letu limegeuka, habari ni za fundi, ulimi ndo wa ofisini.

Kwa hiyo wiki ya tatu hakuna masomo ya mixa. Mzee amempiga marufuku neno tafadhali.

Siku ya 17

Ameanza kuniambia "sema" badala ya "habari za asubuhi kaka". Inaumiza kidogo.

Siku ya 19

Shoo mbili. Ya kwanza sawa, ya pili mwimbaji alisogea na maiki mpaka mbele ya spika, mluzi ukatoka, Mhasibu akaukamata kabla hata sijageuka. Amejifunza kuwekea maiki za kuimbia kile kichujio kinachokata sauti za chini, kama chini ya Hz 100 hivi, ili vishindo vya miguu na pumzi zisipite. Amejifunza kuandika majina ya vyombo kwenye tepu nyeupe chini ya feda, tena kwa mwandiko mbaya, wa kwake ulikuwa mzuri mno.

Vifunga masikio anavyo, kanunua mwenyewe baada ya kusoma kwamba desibeli 85 masikio yanavumilia saa 8 na kila ukiongeza desibeli 3 muda unakatika nusu, kwa hiyo kwenye 100 unabaki na dakika 15. Aliniletea hesabu kwenye karatasi. Sikuomba. Mzee alipoiona ile karatasi aliikalia kimya muda mrefu, afu akasema sikio lake la kushoto halina sauti za juu tena na kwamba zamani hakuna aliyewaambia. Nilizima kamera. Sijui kwa nini niliizima, mhariri ndani yangu amenuna mpaka leo.

Siku ya 22

Mhasibu anataka kuacha.

Amenipigia usiku. Si kwamba anaogopa kushindwa, maneno yake ni haya karibu kama alivyoyasema: kaka, kuna wale mafundi wawili wa siku hiyo, wamehangaika miaka na miaka kufika hapo walipo, mimi nakuja na wiki nne, nikishinda nimewaambia nini? Nikishindwa sawa. Nikishinda je?

Nilimpa majibu ya hovyo. Nikasema ni kipindi tu, nikasema wao wenyewe wamekubali, kumbe hawajakubali chochote kwa sababu hawajui. Faking It hili swali liko pale kila kipindi na linapita haraka, muziki unapanda, majaji wanaambiwa ukweli, wote wanacheka wanakumbatiana. Mi nimekata vipindi vya kutosha kujua kwamba pale penye muziki unaopanda ghafla mara nyingi kuna mtu hakucheka.

Mzee ndo aliyelimaliza, kwa simu ya dakika mbili. Sikuwepo. Baadaye nilimuuliza Mhasibu aliambiwa nini, akasema ameambiwa kesho saa mbili kuna spika za kubeba.

Siku ya 27

Kesho. Orodha ya dada wa ratiba ina mambo 41, nimeisoma mpaka la 12. Majaji ni wawili, fundi mkongwe na mwanamke anayesimamia matamasha. Watasikiliza bendi tatu, fundi tofauti kila bendi, watatoa maoni yao kuhusu sauti kama kawaida, na mwisho kabisa ndo wataambiwa mmoja kati ya hawa si fundi, mtajeni.

Nadhani yangu mpya, ya pili: atashtukiwa kwenye mikono isiyo na kazi. Kati ya wimbo na wimbo. Fundi wa kweli akiwa hana la kufanya anajua kukaa bila la kufanya.

Siku ya 28

Naandika saa nane usiku, nitakosea herufi, nisamehewe.

Bendi ya kwanza fundi wa kweli, kazi safi. Ya pili Mhasibu. Alifika saa tatu kabla, akafungua mabegi, akaunganisha, akapita jukwaani na ile tochi ndogo mdomoni ambayo sijui kaipata wapi. Saundi cheki hakusema moja mbili tatu wala hakugonga maiki kwa kidole wala kuipulizia, aliongea tu maneno yake ya chini chini kama Mzee anavyofanya. Gitaa likafa wimbo wa pili, waya. Akaruka, akabadilisha, akarudi, sekunde labda arobaini. Wakati anakimbia alishusha feda kwanza ili spika zisipige baa. Mzee nyuma yake mikono mfukoni, hakuitoa hata mara moja, na mi nilikuwa naangalia mikono ya Mzee kuliko kitu kingine chochote ukumbini.

Bendi ya tatu fundi wa kweli, kijana, mzuri, ila alikuwa na siku mbaya, mluzi mara mbili.

Maoni ya majaji kuhusu sauti: ya pili ilikuwa inasikika vizuri maneno, ngoma ziko nyuma kidogo. Basi. Hakuna aliyesema kitu cha ajabu. Kisha wakaambiwa.

Yule mwanamke akamtaja kijana wa tatu bila kufikiri, akasema anakaa kama hajali, amekaa kwenye simu kati ya nyimbo, huyo hawezi kuwa fundi. Kumbe yule kijana wa watu simu yake ina programu ya kuangalia masafa ya sauti, alikuwa anautafuta ule mluzi! Fundi mkongwe alinyamaza kidogo, akamnyooshea kidole Mhasibu. Nikamuuliza kwa nini, nikitegemea aseme waya, mikono, ulimi, vyote tulivyovifanyia kazi wiki nne. Akasema kazi yake sina neno nayo, ila alikuwa anaangalia mixa. Saa nzima anaangalia taa za mixa, zikipanda anazishusha, zikishuka anazipandisha. Mtu wa sauti anaangalia jukwaa. Mpiga ngoma akiinua fimbo wewe mkono ushafika, mwimbaji akivuta pumzi wewe unajua anakuja kwa nguvu. Yule alikuwa anasoma hesabu.

Kwa hiyo nadhani zangu zote mbili chini. Mikono ilikuwa sawa, alikuwa na la kufanya muda wote, tatizo ni macho.

Mhasibu alicheka kwanza, halafu akaenda nje. Nilimfuata bila kamera, nimejifunza. Akasema anajua. Akasema alikuwa anajua kabisa kwamba aangalie jukwaa, Mzee kamwambia mara mia, lakini zile taa ni kitu pekee mle ndani ambacho alikuwa anakielewa tangu siku ya kwanza.

Yule kijana wa tatu hakucheka. Tumemwambia ukweli, tumemwomba radhi, tumemuuliza kama anataka kutolewa kwenye kipindi. Amesema atafikiri.

Siku ya 36

Kuhariri. Nimekaa siku tatu kwenye dakika moja. Nina picha ya Mhasibu akishtuka, macho makubwa, mkono mdomoni, nzuri sana, ila ni ya saundi cheki mchana, kuna mtu aliangusha stendi. Na nina ile ya gitaa kufa jioni ambapo uso wake hauonekani. Nikiziunganisha ni kipindi. Hakuna atakayejua, nguo ni zile zile.

Mwaka 2007 hiyo hiyo RDF ilikata kionjo cha makala ya BBC kuhusu Malkia Elizabeth, picha zikabadilishwa mpangilio, ikaonekana kama Malkia ametoka kwa hasira kwenye upigaji picha wa Annie Leibovitz, kumbe ile picha anatembea analalamika ni kabla, alikuwa ndo anaelekea huko kupigwa picha. Picha zote za kweli, maneno yote ya kweli, mpangilio tu. Mkuu wa BBC One, Peter Fincham, alijiuzulu, na aliyekikata kile kionjo alikuwa Stephen Lambert mwenyewe, naye akaondoka RDF. Mtu aliyewafundisha watazamaji wa nchi nzima kumtafuta anayeigiza, na kilichomtoa ni sekunde chache kwenye meza ya kuhariri.

Nimeitoa picha ya kushtuka. Sasa gitaa linakufa tunaona kisogo chake tu kinaruka, kisha jukwaa, kisha mkono na waya. Kijana wa kamera anasema kimepoa. Ndiyo, kimepoa.

Kijana wa tatu amejibu, abaki, ila kwa sharti ile programu ya kwenye simu ielezwe. Nimeipa sekunde ishirini nzima.

Siku ya 41

Nimemtumia Mhasibu mkato wa kwanza aangalie kama kuna kitu hataki kionekane. Nilikuwa nimejiandaa kwa ile sehemu ya kutoka nje, au siku ya 22 ambayo nimeisimulia kwa sauti yangu.

Amerudisha jedwali. Safu tatu: dakika, tatizo, pendekezo. Mistari 14. Dakika ya 2 kuna mvumo wa umeme chini ya sauti ya Mzee. Dakika ya 6 maiki yangu ya kusimulia imefunguliwa gein kubwa, herufi p zinapasua. Dakika ya 11 feni, anauliza hii nayo ni nini, mbona hamkuizima. Dakika ya 19 kichujio cha chini hakijawekwa, anasikia hatua za miguu za kijana wa kamera. Kuhusu yeye mwenyewe alivyoonekana hakuandika kitu.

Nimerekebisha nane. Mstari wa 9 bado, ule mluzi mdogo wa dakika ya 23, nimeusikiliza mara ishirini na siusikii, nimemwambia hivyo, kanijibu "vaa hedifoni nzima".